Kocha Niliyemtukana Ndiye Somo wa Mwanangu

Mwanangu anaitwa jina la mtu niliyemchukia kuliko watu wote wa mpira wa kikapu, na jina hilo alilichagua mwenyewe, hajamaliza hata mwezi duniani.

Najua mnacheka. Chekeni tu.

Naitwa Nyale. Nakaa Chaani, naendesha foklifti kwenye yadi moja ya makontena huku Changamwe. Nina mke, Ruth, na nina timu, Winchi ya Chaani.

Ruth husema siku ya harusi yetu niliitaja timu kabla sijamtaja yeye. Si kweli. Niliitaja wakati wa kuwashukuru wageni, na walikuwa wamekuja wengi wa tawi letu la mashabiki.

Winchi ni timu ya kulipwa. Wachezaji wanalipwa, ingawa ukiwauliza wenyewe watakutazama tu.

Sisi mashabiki tuna kofia yetu. Ni ya sufu, rangi ya machungwa, ile vijana wanaiita mavin. Mwenyekiti wa tawi letu ni Purity, mtu wa bara, na kwao huko kwenye baridi kofia ya sufu ni nguo ya kawaida. Alizifuma zote kwa mkono wake.

Huku Mombasa, mwezi wa Februari, sufu kichwani ni mateso. Lakini hapo ndipo mapenzi yanapopimwa. Mtu wa Likoni, wapinzani wetu, akituona tunatiririka jasho uwanjani anajua hawa hawakuja kupitisha wakati.

Sasa nije kwa Gichohi.

Kocha Dancun Gichohi alitufundisha misimu miwili, akatufikisha fainali dhidi ya Nyangumi wa Likoni. Dakika za mwisho tuko sare. Changawa, kijana wetu mrefu ambaye milango yote ya Chaani anaiingia kwa kuinama, amefunga karibu pointi zote peke yake. Uwanja mzima unamwimba yeye.

Gichohi anaita taimauti, mchezo unasimama.

Anamtoa Changawa.

Anamkalisha mwisho wa benchi, anamfunika taulo kichwani, kisha anaingiza kijana ambaye hata sisi tuliomlipia nauli ya kuja hatukumjua jina.

Tukafungwa kwa pointi moja.

Waandishi wakamwuliza kwa nini. Akajibu, "Ni uamuzi wangu mimi kama kocha." Basi. Hakuongeza neno.

Nilimwandikia kwenye Facebook. Nilimwambia arudi kwao akapalilie viazi. Nikamwandikia tena asubuhi yake, nikamkumbusha asisahau jembe. Watu waliyapenda maneno yangu kwa mamia, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Uongozi ukamfuta kazi. Naye akafunga ukurasa wake, na mpaka leo hayuko mtandaoni. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Tawi halikutosheka. Tulikaa kikao, tukapitisha azimio: yeyote atakayelitaja jina la Gichohi lazima avue kofia kwanza, ili nembo ya timu isisikie uchafu. Popote ulipo. Umebeba ndoo ya maji, itue, vua, taja, vaa, beba ndoo yako uende. Una mtoto amevaa kofia ya timu, naye umvue.

Mkisema huo ni wazimu, ni kwa sababu hamjawahi kufungwa na Likoni.

Mwaka huu Februari, Ruth akajifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba wetu. Purity akaja hospitali na kakofia kadogo ka machungwa. Nilimvisha mtoto palepale kitandani, machozi yananilengalenga.

"Nyale, joto lote hili," Ruth akasema. "Mvue mtoto kofia."

"Hii ni kofia ya timu," nikamjibu.

Mama yangu, Kafedha, alikuwa ametoka kwake Frere Town kuja kumtazama mzazi. Akaniunga mkono. "Mtoto mchanga hufunikwa utosi, asije akaingiwa na upepo."

Nikamtazama Ruth. Mbili kwa moja. Msimu ule ushindi ulikuwa adimu, acheni nifurahie.

Jina halikuwa na mjadala. Kwetu Wagiriama kijana wa kwanza huitwa jina la babu yake, na marehemu baba aliitwa Randu. Nilimpenda sana baba. Ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka mechi ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa nimeshaagiza kijezi kidogo kimeandikwa RANDU mgongoni.

Tulipofika nyumbani, mtoto akaanza kulia.

Sisemi kulia kwa kawaida. Alilia mpaka jirani wa ukutani akahama chumba cha kulala akaanza kulala jikoni.

Tukampeleka kliniki. Muuguzi akamvua nguo zote, akamweka kwenye mizani. Mtoto kimya, anatazama feni, miguu anairusha kwa raha. Muuguzi akatutazama sisi.

"Huyu ndiye mnayesema halali?"

Tukarudi na aibu yetu. Nikamvisha vizuri, kofia juu, akaanza tena kabla hatujafika stendi.

Halafu nikagundua jambo la ajabu. Mchana nikiwa kazini, Ruth anasema mtoto analala vizuri kabisa. Jioni nikirudi, nikaoga, nikamvisha kofia yake tukakaa wawili tutazame marudio ya mechi kwenye simu, anapiga yowe.

Nilimweleza mama. Mama ni mtu wa kanisa, ni sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Lakini ya kanisani yana siku yake, na mtoto akilia hivyo ana mambo mengine.

"Huyu analilia jina," akasema.

Mtu wa Pwani ameshaelewa. Kwa wengine, ni hivi: mtoto akilia bila ugonjwa, basi kuna mzee wa ukoo aliyetangulia, koma, anayetaka mtoto aitwe jina lake yeye. Unamkalisha mtoto, unataja majina moja moja. Atakapolisikia lake, atanyamaza.

"Si tumeshampa Randu?" nikauliza.

"Tumemwita Randu tangu azaliwe. Umeona akinyamaza?"

Jumamosi alasiri tukakaa sebuleni. Mtoto yuko mapajani pangu, kofia kichwani, analia. Mama ameketi kwenye mkeka na kibuyu cha maji. Ruth amesimama mlangoni na mwiko mkononi, maana alikuwa na sufuria motoni.

Mama akaanza. "Kaviha."

Analia.

"Lewa."

Analia.

Akapanda juu ukoo mzima. Wakatajwa watu ambao sikuwahi kuwasikia. Akatajwa hata mjomba mmoja aliyekuwa na tabia ya kuondoka na mbuzi za watu, na huyo mama alimtaja kwa sauti ya chini sana, akitumaini mtoto hatasikia.

Mtoto analia tu.

Mama akanikazia macho. "Ruth anasema mchana halii. Analia ukiwapo wewe. Basi jina liko kwako, mwanangu. Anakudai wewe."

"Mama, ukoo unaujua wewe. Mimi nitamtaja nani?"

"Wataje wale watu wako. Unaowataja humu ndani asubuhi na jioni."

Nikawataja. Nilianza na Changawa kwa matumaini makubwa. Wapi. Nikataja wote watano wanaoanza. Nikataja wa akiba, daktari wa timu, dereva wa basi. Mtoto amekuwa mwekundu, jasho linamtoka, na mimi linanitoka.

"Nani mwingine?" mama akauliza.

"Wameisha."

"Nyale."

"Yuko mmoja, mama. Lakini huyo, afadhali mtoto alie."

"Mtaje!"

Azimio ni azimio. Nikavua kofia yangu. Nikamvua na mtoto yake. Nikasema kwa sauti ndogo, "Gichohi."

Kimya.

Mtoto akapumua. Akanitazama. Akafumba macho, akalala.

Nilibaki nimeshika kofia mbili mkononi.

"Rudia," mama akanong'ona. "Tuhakikishe."

Nikamvisha kofia, akaamka analia. Nikavua yangu, nikamvua yake. "Gichohi." Kimya. Tukarudia mara ya tatu, ikawa vilevile. Mama akapiga kigelegele mpaka yule jirani wa jikoni akachungulia dirishani.

"Lakini mama, Gichohi yuko hai! Hajafa! Wala si mtu wa kwetu, ni Mkikuyu!"

"Koma haulizi kitambulisho," mama akasema, na huo ukawa mwisho wa kikao.

Nilimtazama Ruth pale mlangoni. Amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Nikajua ni furaha, maskini, kwa vile mtoto amepata jina.

Basi mtoto akawa Gichohi. Na kwa kuwa mwenye jina yu hai, huyo ni somo wake, na somo lazima aje ambariki mtoto kwa maji ya kinywani mwake. Mama hakutaka kusikia hoja yoyote.

"Kamlete."

Nilimpata Frere Town, kwenye uwanja wa kanisa wenye kikapu kimoja kisicho na wavu, anafundisha watoto wa mtaa. Amekonda. Nilisimama pembeni nikajifanya natazama mazoezi. Na nisiwe mwongo, alikuwa anafundisha ulinzi vibaya.

Akanijua. "Wewe si ndiyo ule kijana wa viazi?"

"Ndimi. Shikamoo kocha."

"Marahaba. Umekuja kunitukana na mdomo sasa? Ile ya simu haikutosha?"

Nikamweleza. Mtoto, kilio, koma, majina, kikao. Nilipofika mwisho hata mimi niliyashangaa maneno yangu. Yeye akaketi polepole juu ya mpira aliokuwa ameushika.

"Rudia hiyo maneno ya mwisho."

"Mtoto ameitwa Gichohi. Alikataa mengine yote."

"Yote? Hata ya Changawa?"

"La Changawa ndilo alilolilia zaidi."

Akageuza uso, akawatazama wale watoto. Kisha akasema, "Nitakuja."

Alikuja Jumapili kwa pikipiki, na nyuma yake gunia la viazi.

"Si ulisema nikapalilie?" akaniambia, analishusha mlangoni kwangu. "Nilipalilia. Ndiyo hii."

Ningesema nini? Nilisema asante.

Mama akamkaribisha kama mtu aliyerudi kutoka safari. Akampa maji. Gichohi akapiga funda, akampulizia mtoto kifuani taratibu, akasema, "Ukue mrefu. Ukue na afya. Na ujue kupasia wengine mpira." Mtoto akacheka. Na yule mtu mzima, aliyeshindwa fainali mbele ya uwanja mzima bila kutoa chozi, akalia sebuleni kwangu bila kujificha.

"Kwetu mtoto huitwa jina la babu yake," alitueleza baadaye, akila. "Ukimaliza wababu, unaita ndugu zako, kuanzia mkubwa. Mimi ndiyo wa mwisho kwetu. Ndugu zangu walizaa, wakaita, wakaita, hawakunifikia. Na mimi sikuoa. Hii jina nilijua nitazikwa nayo."

 Ruth alimwongezea wali.

Maisha yakaendelea, ila azimio likawa linanitesa. Kila nikimwita mtoto lazima nivue kofia, yangu na yake. Mtoto huitwa mara ngapi kwa siku? Nikachoka, kofia zote mbili nikaziweka juu ya kabati. Mtoto akanenepa. Akawa halii, anacheka na kila mtu. Mama akawa anawaambia kanisani kwamba mjukuu wake ametulia tangu apewe jina la mwenyewe.

Na Gichohi hakukosa. Kila Jumapili yuko kwangu, anambeba somo wake, anamwonyesha mechi, na mimi nabishana naye mpaka chai inapoa.

Msimu mpya ulipokaribia, tawi likakaa. Purity akasimama.

"Wasee, tuseme ukweli. Hii rule ya kofia imepitwa na wakati. Huwezi vua mavin kila saa juu ya mtoto wa mwenyewe. Tuitoe."

Tukaitoa kwa kauli moja. Na Purity akanikabidhi kofia mpya ya mtoto, kubwa kidogo, maana kichwa kimekua.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamvisha. Nikavaa yangu. Nikamnyanyua juu kwa furaha yangu yote.

"Gichohi! Gichohi mwanangu!"

Akapiga yowe ambalo sikuwa nimelisikia tangu ile Jumamosi.

Mama alikuwapo. Akaangusha kikombe. "Ee Mulungu! Jina limekataliwa!" Akakimbilia kibuyu. "Kaviha! Lewa! Randu!"

Ruth akatoka jikoni na mwiko wake. Hakusema kitu. Alifika, akamvua mtoto kofia.

Kimya.

Akamvisha. Yowe.

Akamvua. Kimya.

Alifanya hivyo mara nyingine mbili, bila haraka, huku ananitazama mimi. Kisha akanikabidhi kofia mkononi.

Mama akaketi. Mimi nilikuwa nimeshaketi zamani.

"Ulijua?" nikamwuliza Ruth.

"Tangu hospitali. Ukienda kazini nilikuwa namvua, analala."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Nyale. Ukaniambia ni kofia ya timu."

"Na lile jina? Umekubali mtoto wetu aitwe Gichohi bure tu?"

"Mimi sikutaka jina. Nilitaka kofia itoke. Mlipopata jina, kofia ikatoka, mtoto akalala na mimi nikalala." Akageuka kurudi jikoni. "Na wewe pia ukaacha kutukana watu."

Mama aliweka kibuyu chini. Mwishowe akasema, "Basi hakuna koma aliyeita. Mtoto ni Randu. Tumrudishie jina la babu yake."

Jamani, siwezi kuwaficha, moyo wangu uliruka. Baba yangu. Kile kijezi kidogo kilikuwa bado sandukuni. Nilikuwa na ruhusa ya mama na sababu ya haki kabisa. Kilichobaki ni kumwambia somo mwenyewe, maana jina la mtu huliondoi nyuma ya mgongo wake.

Nikaenda Frere Town. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno.

Nilimkuta amepiga magoti pembeni ya uwanja, anakaza boliti. Amechomeleza kikapu kipya, kimesimama kwenye nguzo fupi, kinafika magotini mwa mtu mzima. Wavu wake mpya.

"Ni ya Gichohi," akasema bila kuinua macho. "Akianza kusimama tu, atapata kazi."

 Nikaona nianze mbali kidogo.

"Kocha, ile fainali. Kwa nini ulimtoa Changawa?"

Akakaza boliti nyingine. "Kwa sababu sasa wewe ni mtu wa nyumbani, nitakwambia. Alikuwa anataka kutapika. Alishakula sufuria ya mbaazi kabla ya mechi. Ile taulo ilikuwa ya kumficha. Uwanja wote unaimba jina yake, mama yake ameketi mbele, halafu atapike pale kati? Kijana angeitwa hiyo matapishi mpaka azeeke. Mimi nikasema, wacha wanitukane mimi."

Mbaazi nilizikumbuka. Sufuria lilikuwa letu. Tawi ndilo lililomwalika Changawa chakula cha mchana, kumtia nguvu.

"Ulikuwa umekuja kuniambia nini?" akaniuliza.

Nilikitazama kile kikapu kidogo. 

"Nimekuja kuuliza Jumapili utakuja saa ngapi. Ruth anapika samaki."

"Si kama kawaida?"

"Basi kama kawaida."

Niliporudi, mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Umemwambia?"

"Mama, wa pili akizaliwa ataitwa Randu. Baba atatusubiri. Alikuwa mtu wa subira."

Mama alinitazama, kisha akaingia ndani kumbeba mjukuu wake. Nilimsikia anamwita. "Gichohi. Njoo kwa wawa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Basi funzo ni hili. Mkeo akikwambia mtoto anasikia joto, mtoto anasikia joto. Usiitishe kikao.

La pili si funzo, ni ombi. Nimeyaandika haya hapa kwa sababu kocha hayuko mtandaoni, sisi ndio tuliomtoa. Hawezi kuyasoma. Lakini wewe unayesoma, kama unakaa Frere Town na unamwona pale uwanjani, nakusihi, habari ya kofia usimwambie.

Mwambie tu kwamba somo wake ameanza kusimama.

Na kwamba kwenye ile fainali, taimauti moja bado alikuwa nayo, angeweza kuitumia.